Mashahidi wa Tone la Mvua

Jumatano, 17 Januari

Shule zimefunguliwa. Binti yangu Chloé ameingia darasa la kumi na sketi imekuwa fupi tena. Nimeishusha pindo asubuhi akiwa ameivaa, amesimama mlangoni, ananipigia kelele kwamba anachelewa kana kwamba mimi ndiye niliyemrefusha.

Kitabu hiki nimepewa na mteja wangu kule saluni, Joubert Park. Kina tarehe zote na utepe mwekundu. Ameniambia niandike miadi ya wateja. Miadi gani? Wateja wangu wanakuja wanapojisikia. Nitaandika mambo yangu mwenyewe. Siku nzima nasuka vichwa vya watu na kusikiliza yao. Jioni acha na mimi niseme, kitabu hakiwezi kunikata kauli.

Basi nianze na nyumbani. Tunakaa La Rochelle, uani kwa Mama Hyasinta. Yeye ni Mtanzania wa Morogoro, marehemu mumewe alikuwa mkimbizi wa siasa wa hapa Afrika Kusini, wakarudi pamoja, akamwachia nyumba. Tuna vyumba viwili: kimoja mimi na mume wangu Pitchou, anayelinda usiku na kulala mchana, kingine jiko, ambamo Chloé anatandika godoro lake. Halafu kuna kijumba cha bati kwenye kona ya ua. Humo anakaa Papa Ruphin, baba mkwe wangu, aliyekuja kutoka Likasi, kwetu Kongo, mwaka jana baada ya mama mkwe kufariki. Aliuza vitenge soko la Likasi maisha yake yote.

Kwetu mke wa mtoto hasimami uso kwa uso na baba mkwe, hamgusi mkono, hakai kwenye kiti chake. Sahani yake nampa Chloé ampelekee. Nikiwa na neno la kumwambia, naliambia ukuta, naye analisikia. Mwaka mzima tumeishi hivyo ua mmoja, na sijui hata macho yake yana rangi gani.

Ijumaa, 19 Januari

Mvua. Saluni tupu.

Jumapili, 21 Januari

Leo kanisani ushuhuda umekula muda kuliko mahubiri. Kanisa letu liko juu ya duka la matairi, Rosettenville, na Pasta André ana sheria moja tu ya ushuhuda: "Sema ulichoona wewe. Ulichosikia kwa jirani, mwachie jirani aje aseme." Mama mmoja alisimama kusimulia muujiza uliompata dada wa shemeji yake. Pasta akamkaribisha akae. Nilicheka mpaka nikajifunika na kitenge.

Papa Ruphin anakaa mstari wa mbele siku hizi. Jicho la kushoto lilishakwisha, la kulia nalo linaanza ukaidi.

Alhamisi, 25 Januari

Chloé ana kazi ya nyumbani: jinsi seli zilivyogunduliwa. Alikuwa anasoma kwa sauti jikoni, kwa Kiingereza, mimi nakatakata mboga. Papa alikuwa nje, kwenye stuli yake karibu na mlango.

"Mtoto anasoma nini?" aliuliza.

Chloé Kiswahili anakisikia vizuri, lakini kukisema, kila neno ni kama linang'olewa kwa koleo.

"Kambo," akasema, ndivyo wajukuu wanavyomwita babu kwetu, "kuko Mwingereza moja, wa zamani. Hooke. Alikata kizibo ya chupa, nyembamba-nyembamba. Akaangalia na hadubini. Akaona vyumba."

"Vyumba ndani ya kizibo?"

"Mingi! Akaviita... eish, Mama, wale watu wa kanisa wenye kulala kila mtu peke yake?"

"Watawa," nikauambia ukuta.

"Ee. Kama vyumba ya watawa. Ndiyo jina ya seli ilitoka hapo."

Nikafikiri Papa amesinzia. Halafu akauliza: "Na ndani ya vyumba alikuwa anakaa nani?"

Chloé akacheka, akatafuta kitabuni. "Hakuna mtu, Kambo. Kizibo ilishakufa. Wenye nyumba walishatoka."

"Ah bon, kumbe," akasema Papa. Mvua ikaanza na sote tukaanua nguo.

Mimi nikawaza, huyo bwana Hooke angetembelea Joubert Park asingehangaika na kizibo. Kule fleti moja imekatwa kwa mapazia, familia tano ukuta kwa ukuta, na wenye nyumba wapo ndani, wanapika.

Jumapili, 28 Januari

Papa ameshikwa na jambo. Chloé alimsomea ukurasa uliofuata baada ya ibada, na sasa nyumba nzima haina amani.

Ni hivi. Baada ya yule Mwingereza akatokea Mholanzi wa mji wa Delft. Chloé ameniandikia jina lake hapa kwa mkono wake, mimi siwezi: Antonie van Leeuwenhoek. Hakuwa msomi. Aliuza vitambaa. Wauza vitambaa wa siku zile walikuwa na kioo cha kukuza cha kukagulia nyuzi. Huyu akatengeneza vioo vyake mwenyewe, vidogo kama kichwa cha pini, akaacha vitambaa akaangalia maji ya ziwa, maji ya mvua, utando wa meno. Akaona vinyama vinaogelea. Wa kwanza duniani.

"Muuza vitambaa!" Papa alipiga goti lake. "Rudia hapo, mtoto. Aliuza nini?"

"Vitambaa, Kambo."

"Voilà! Aliuza vitambaa." Alisema hivyo kwa fahari kama Mholanzi huyo alikuwa na kibanda mkabala na chake kule Likasi. Pitchou, aliyeamshwa na kelele, alitoka na taulo begani akauliza nani kafa.

Jumamosi, 3 Februari

Nimerudi kazini nimekuta Papa kwenye jiko langu la gesi anayeyusha kioo! Chloé amemwonyesha video kwenye simu: unachukua kijiti chembamba cha kioo, unakivuta kwenye moto kinakuwa uzi, ncha ya uzi unairudisha motoni, inajikunja inakuwa ushanga. Huo ushanga ndio lenzi. Wamevunja nini kupata kioo? Chupa yangu ya marashi, ile ya harusi. Ilikuwa tupu, lakini ilikuwa yangu.

Nimeuambia ukuta maneno mengi.

Jumanne, 6 Februari

Bado anayeyusha. Shanga ni mbaya, zina mapovu, anatupa.

Ijumaa, 9 Februari

Leo taulo la jikoni limeshika moto. Pitchou alikuwa amelala, Papa hakuona, ni Mama Hyasinta aliyenusa moshi akarukia na ndoo. Amenisubiri getini nilipotoka kazini.

"Mwenzangu, mimi Papa Ruphin nampenda," akasema, "lakini nyumba yangu naipenda pia. Jamani, mzee asiyeona vizuri, na gesi! Fanyeni mpango."

Ndani, Pitchou hakusema sana. Alisema tu kwamba dada yake Marcelline, kule Likasi, ana nyumba yenye watu mchana kutwa, na kwamba basi la Lubumbashi linaondoka Park Station kila Ijumaa. Nami nikasema ndiyo. Sikusitasita hata kidogo. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa nanuka moshi.

Jumatatu, 12 Februari

Jumatatu saluni hatufungui. Nimesugua jiko lote. Chini ya kitanda cha Papa, Chloé amegundua kikombe cha pilipili zilizooza. Kumbe yule muuza vitambaa aliloweka pilipili ajue kwa nini inawasha, akakuta vinyama majini. Papa akachukua pilipili zangu zote nilizokausha, zile ndogo kali. Mama Hyasinta amecheka mpaka akashika ukuta. "Shoga, Wazungu wale walikuwa na pilipili manga! Hii yenu hata mnyama gani atakaa humo?"

Jumatano, 14 Februari

Pitchou amempeleka baba yake kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Jicho la kulia litafuata la kushoto, dawa ya matone itachelewesha kidogo tu. Daktari ameeleza pia kwamba watu wenye macho ya namna hiyo wakati mwingine wanaona vitu visivyokuwepo, maua, nyuso, vijitu, wala si wazimu, ni jicho linatafuta kazi.

Ijumaa, 16 Februari

Jioni hii Papa alitoka kwenye kijumba chake. Mkononi alikuwa na hadubini yake: vipande viwili vya bati la kopo la samaki, tundu la sindano katikati, ushanga umebanwa kwenye tundu. Ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti.

"Nimeviona," akasema. "Kwenye maji ya pipa linalokinga mvua kwenye mfereji wa paa. Viko! Vinazunguka, vinapishana, vina haraka kama watu wa soko."

Pitchou alikuwa anavaa buti za kazi. Alichukua lile bati, akaliweka jichoni, akaligeuza, akasema anaona mwanga tu. Chloé akajaribu. Aliona kope zake mwenyewe. Wakajaribu tena mpaka taa ikawashwa.

"Papa," Pitchou akasema taratibu, "daktari alitueleza."

"Alieleza nini?"

"Kwamba macho haya yataona mauzauza."

Mimi nilikuwa naangalia ukuta kama kawaida, kwa hiyo sikuona uso wa mzee. Nilisikia tu stuli inavutwa na mtu anakaa. Baada ya Pitchou kuondoka alisema, sijui na nani: "Mtu anayeona mauzauza anarudishwa Likasi. Sawa. Lakini je, kama vipo?"

Jumapili, 18 Februari

Tiketi imekatwa. Ijumaa tarehe 8 Machi. Papa hakubisha. Kanisani hakuimba.

Jumanne, 20 Februari

Joto. Papa kutwa nzima uani, bati jichoni, uso juu kwenye mwanga.

Alhamisi, 22 Februari

Nimemuuliza Chloé yule Mholanzi ilikuwaje, watu walimwamini tu? Akasema hapana. Aliwaandikia wasomi wa London, nao walijaribu kuangalia, hawakuona kitu. Wakasita. Basi akafanya nini? Akawaita watu wa mji wake, wachungaji na watu wengine wanaoaminika, akawaonyesha mmoja mmoja, wakatia sahihi kwamba wameona. Mwishowe yule yule Hooke wa kizibo alijaribu tena na tena mpaka akaviona, mbele ya wenzake.

Nimeacha sufuria iungue nikisikiliza. Wachungaji! Yaani walitoa ushuhuda. Mambo ya Pasta André haya haya.

Na yule wa kwanza wa London kusema haoni alikuwa hajui kushika, basi. Usiku huu nimekumbuka jinsi Pitchou alivyoligeuza lile bati kama anatafuta kitufe cha kuwashia.

Jumamosi, 24 Februari

Wateja saba. Vidole vimekufa ganzi.

Jumatatu, 26 Februari

Lazima niandike yote, kwa mpangilio, kabla Pitchou hajaamka na kabla sijaanza kujitilia shaka.

Usiku mvua ilinyesha kubwa, asubuhi jua safi. Chloé yuko shule. Nilikuwa naanika nguo. Papa alikuwa kwenye stuli yake, anachovya sindano kwenye maji ya pipa, anaweka tone kwenye kipande cha plastiki kilichotoka kwenye boksi la biskuti, anakisogeza nyuma ya ule ushanga. Anakosea, anarudia. Tone lilikuwa linaanguka kila mara kwa sababu yeye halioni. Mikono ile ilipima vitenge miaka na miaka, na sasa inakosa kijipande cha plastiki, lakini haina hasira. Inarudia tu. Nilisimama na shati la Pitchou mkononi, maji yananidondokea miguuni, nikasema moyoni: huyu mtu ni hodari. Mwaka mzima nilikuwa namwita mzigo.

Nikauambia ukuta: "Papa, mtu anashikaje hiyo ili aone?"

Mkono ukasimama. "Anayeangalia hashiki," akasema. "Nimelijua hilo juzi tu. Anayeangalia akishika, mkono unatikisika na pumzi. Anashika mwingine. Inakaa karibu mpaka kope ziguse bati, na mimi nasogeza plastiki nyuma kwa ukucha."

Yaani mkono wake kwenye paji la uso wangu. Pumzi yake na yangu mahali pamoja. Nilishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka.

"Haiwezekani, Papa," nikasema.

"Najua, binti yangu."

Akainuka akaingia ndani. Nikadhani nimemkosea. Mara akatoka na kitenge, cha bluu na ndege wa njano, kipya, bado kina gundi ya kiwandani. Akapaza sauti: "Mama Hyasinta! Njoo unisaidie jambo."

Mama Hyasinta akaja na povu mikononi.

"Kwetu," Papa akamwambia, "mkwe akitaka kuondoa haya kati yake na mke wa mtoto wake, anatoa zawadi mbele ya shahidi. Hiki ni kitambaa cha mwisho cha kibanda changu. Marehemu mke wangu alikichagua, hakukishona. Nampa Léocadie. Kuanzia leo ni mtoto wangu wa kumzaa, naruhusiwa kumshika kichwa. Umeona?"

"Nimeona," akasema Mama Hyasinta, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza neno.

Kitenge kikawekwa juu ya stuli. Nikakichukua. Halafu nikageuka, nikamwangalia baba mkwe wangu usoni. Jicho la kushoto ni jeupe kama maziwa. La kulia ni la kahawia, kahawia ya mwanangu Chloé kabisa.

Akaanza na ngozi ya kitunguu, ile laini ya ndani. "Hiki kwanza, hakikimbii." Akaniweka nielekee mwanga, akashika kichwa changu kwa mkono mmoja kama mimi ninavyoshika vya wateja, bati likagusa kope. Mwanga mtupu. Nikasema sioni. "Subiri. Usitafute." Ukucha ukasogea. Ukungu, ukungu, halafu mistari ikajitokeza.

Mungu wangu. Vyumba! Vimepangwa kama matofali, vimebanana, kila kimoja na ukuta wake, na ndani ya vingine kuna kidoa kidogo kimekaa upande mmoja. Wenye nyumba wapo! Nilipiga kelele, Mama Hyasinta akasema Yesu. Vitunguu nimekata tangu nina miaka saba, na sikujua nakata mji wa watu.

"Sasa maji," Papa akasema. "Na sikiliza. Usiseme unachojua. Wala usiseme nilichokuambia. Sema unachoona."

Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Tone la kwanza halikuwa na kitu. Nikamwambia hakuna kitu. La pili hivyo hivyo. La tatu kitu kikapita, kikapita tena, vingine viwili vikakifuata, vinazunguka huku vinakwenda. Nikasema: "Vipo. Vinajizungusha, vina haraka."

"Hivyo niliwaambia," akasema. Wala hakufurahi. "Kingine?"

"Kuna takataka. Jani labda. Na kwenye jani..." Niliona kitu cha ajabu nikaogopa kukisema, wataniweka na mimi kwenye basi.

"Kwenye jani kuna nini?"

"Papa, kuna kengele. Kengele ndogo, imesimama kwenye uzi. Mdomo wake uko wazi, unatetemeka. Halafu ghafla uzi unajikunja, unajivuta kama springi, kengele inarudi kwenye jani. Halafu polepole inanyooka tena. Tena! Imejivuta tena! Ziko nne. Tano."

Bati likaondoka jichoni. Nikamwona Papa anatafuta stuli kwa mkono nyuma yake, hakuipata, akakaa chini kwenye matope. Alikuwa analia waziwazi kama mtoto.

"Kengele sikumwambia mtu," akasema. "Si Pitchou, si Chloé. Niliziona siku ile ile ya kwanza. Nikasema, vinyama vinavyozunguka labda wataniamini, lakini kengele kwenye uzi? Hata mimi sikujiamini. Na tangu wiki iliyopita sioni kitu humo, Léocadie. Mwanga tu. Kila siku naweka bati jichoni nikijiuliza kama kweli niliwahi kuona, au daktari alisema kweli. Nilitaka mtu mmoja aseme vipo."

"Vipo, Papa," nikasema. "Nimeviona kwa macho yangu."

Mama Hyasinta akafuta mikono kwenye kanga, akasema: "Haya, sogeeni. Zamu yangu."

Jumatatu hiyo hiyo, jioni

Pitchou amekasirika. Si kwa ajili ya kengele, kwa ajili ya kitenge. "Mmefungua ukwe bila mimi? Mke wangu na baba yangu, na mimi nimelala?" Nikamwambia ndiyo, ulikuwa umelala, na hata ukiwa macho hutaki kuona. Lilikuwa neno baya. Amekwenda kazini bila chakula.

Alhamisi, 29 Februari

Hatusemezani. Tiketi iko juu ya friji, chini ya sumaku.

Jumapili, 3 Machi

Nimetoa ushuhuda. Mimi, ambaye huwa nacheka wengine!

Nimevaa kitenge cha bluu, nimekishona mwenyewe jana. Pasta André alipouliza nani ana neno, miguu ikasimama kabla yangu. Nikaeleza: Papa Ruphin ametengeneza hadubini kwa kopo la samaki na chupa ya marashi yangu. Alisema ameona viumbe kwenye tone la mvua, tukasema macho yake yanamdanganya. Nikaangalia mwenyewe. Nikaona nilichoambiwa na nisichoambiwa, navyo vyote yeye alikuwa ameviona kabla yangu.

Akina mama walianza kunong'ona. Mmoja akasema kwa sauti: "Mkwe amekushika kichwa?" Nikamjibu ndiyo, na ukwe umefunguliwa kwa kitenge hiki, shahidi Mama Hyasinta wa La Rochelle, nendeni mkamuulize. Wakanyamaza, kwa sababu kitenge kilikuwa kizuri na wote walikuwa wanakiangalia.

Pasta akauliza: "Viumbe hivyo viko wapi?"

"Kwenye chupa," nikasema, nikaitoa kwenye mkoba. Ukumbi ukacheka mpaka wa matairi chini wakagonga dari.

Baada ya ibada watu walipanga mstari dirishani. Papa alishika kichwa cha kila mtu, na kwa kila mtu alisema lile lile: usiseme unachojua, sema unachoona. Wengine hawakuona kitu, wakasema hivyo, akawashukuru. Pasta André aliinama muda mrefu, kisha akasema polepole: "Nilikuwa namshukuru Mungu kwa mvua. Kumbe sikuwa najua namshukuru kwa kitu gani." Chloé, aliyeona kope zake tu mara ya kwanza, leo ameziona kengele, akaanza kuwaelezea wenzake kwa Kiingereza na Kizulu, halafu akamgeukia babu yake na kumweleza yote upya kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila koleo.

Mwisho wa mstari alikuwa Pitchou. Sikujua amepanga. Papa alipomgusa kichwa alimtambua mara moja, nadhani kwa nywele, akamshika tu. Mume wangu alisimama pale dirishani na buti zake kubwa. Halafu nikasikia: "Papa. Kuna uzi. Umejivuta."

"Ee," Papa akasema. "Unajivuta hivyo."

Alhamisi, 7 Machi

Maji ya bomba yamekatika mtaa mzima. Tunaoga ya pipa. Papa amenionya nisimalize yote, kuna watu wanakaa humo.

Ijumaa, 8 Machi

Basi la Lubumbashi limeondoka. Papa alikuwa uani anakunywa chai. Tiketi Pitchou aliirudisha jana, hakuniambia, niliona tu sumaku imebaki peke yake kwenye friji. Masharti ya Mama Hyasinta: gesi haiguswi mzee akiwa peke yake. Papa amekubali. Amesema lenzi anayo, hahitaji nyingine.

Alhamisi, 14 Machi

Jicho la kulia sasa linaona tu mchana na usiku.

Jumatano, 20 Machi

Shule zimefungwa. Mvua nazo zinaelekea kwisha, wiki nzima jua.

Nina kazi mpya siku hizi. Asubuhi kabla ya kwenda Joubert Park nasimama mbele ya Papa uani, ananishika kichwa, ukucha unasogea, namsimulia. Juzi: kengele tatu na kitu kirefu kama mtumbwi. Jana: vingi vinavyozunguka, na kimoja kinajigawa katikati kinakuwa viwili, nilikaa mpaka kilipoachana nikachelewa kazini na sijali. Anauliza maswali mpaka nachoka. Akiridhika anatikisa kichwa, nami najua ameona.

Leo pipa limebaki na maji kidogo ya chini. Nimeangalia tone la kwanza, la pili, la tatu. Nimeangalia hadi shingo ikauma. Nilimwona anasubiri, uso umeinuka, chai inapoa, na nikafikiri kumpa kengele moja tu, nani angejua?

"Papa," nikasema, "leo hakuna kitu."

Akaweka bati chini. Halafu akatabasamu mpaka meno yote yakaonekana, akanipigapiga kichwani.

"Asante, mwanangu," akasema. "Sasa vile vya jana navyo naviamini."